Kiungo Aliyeogopa Kufunga

Nimefua soksi za shemeji yangu Fidencio Orozco kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo msije mkaniletea hadithi za kwenye redio. Mimi ndiye mtunza vifaa wa Ladrilleros, yaani Wafyatua Matofali, timu ya mji wetu wa Santa Rita del Tecuán, na nimemuoa dada yake Fidencio, Obdulia. Wengine humjua mchezaji kwa magoli yake, au kwa nywele zake, au kwa gari lake. Mimi namjua kwa soksi. Soksi za Fidencio zilikuwa zinatoboka kisiginoni, maana alikuwa mtu wa kurudi nyuma.

Alicheza kiungo mkabaji, pale mbele ya mabeki, mahali ambapo mtu anakimbia kuliko wote lakini anapigwa picha chache kuliko wote. Watu walimpa jina la Tarishi, kwa kuwa mpira ukimfikia tu anaupeleka kwa mwenyewe. Hakai nao, hauchezei, hauonji. Alicheza mechi mia tatu na tisini na moja za daraja la pili, zote akiwa na sisi. Aling'oka meno mawili. Pua ilivunjika mara tatu, na kila ilipopona ilielekea upande mwingine. Na magoli aliyofunga ni sifuri.

Sifuri, nasema. Hata kipa wetu wa akiba alikuwa nalo moja, siku ya upepo.

Mji mzima uliamini ni mkosi. Mwaka mmoja walimpeleka kwa mwanamke mmoja anayefagia watu kwa yai na majani, akamfagia mpaka akapiga chafya. Hakufunga. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba Tarishi hakuwa na mkosi wowote. Alikuwa hafungi kwa makusudi, na kisa chenyewe kinaanza na mama yake.

Mama mkwe wangu, Bi Librada, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Siku Fidencio alipocheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa, akiwa na miaka kumi na minane, mama alikuwa jukwaani na kikapu chake cha mbegu za maboga. Kijana alipoingia uwanjani, yeye alipanda juu ya benchi, akainua mikono, akapaza sauti:

"Bikira wa San Juan! Nisikilize! Huyu mwanangu akifunga goli lake la kwanza la mshahara, nakuja kwako kwa magoti, kutoka lango la nje la kanisa lako mpaka altareni!"

Jukwaa zima likapiga makofi. Tarumbeta za bendi zikaitikia. Sasa, nadhiri uliyoiweka peke yako chumbani, labda unaweza kuongea na Mungu mkaelewana. Nadhiri iliyosikika na watu elfu nne na bendi ya tarumbeta, hiyo haina pa kurudi. Ahadi ni deni.

Miaka miwili ya mwanzo hakukuwa na hatari, maana Fidencio alikaa benchi mpaka benchi likamzoea. Mwaka wa tatu akaanza kucheza kila wiki, na mwaka huohuo Bi Librada akapanda paani kurekebisha antena ili amwone mwanawe akicheza ugenini. Ngazi ikateleza. Alianguka juu ya pipa la maji, akatua kwa magoti yote mawili. Mbele ya daktari alilia kidogo tu, kwa sababu ya antena.

"Bibi," daktari akamwambia, "haya magoti kuanzia leo ni ya kukalia kitini. Usiyapigishe chini tena maisha yako yote."

"Wewe tibu magoti, daktari," akajibu. "Nadhiri niachie mimi na Bikira."

Fidencio alikuwa amesimama mlangoni akila barafu ya ndimu. Alisikia kila neno. Barafu ikamyeyukia mkononi mpaka kwenye kiwiko, na tangu siku ile mguu wake ukawa adui wa nyavu.

Mimi sikujua lolote mpaka mwaka wa sita. Tulikuwa bila bila, dakika za mwisho, kipa wa wapinzani ametoka mpaka karibu na kona kwa sababu zake mwenyewe, na mpira ukamwangukia Fidencio hatua nne kutoka golini. Goli tupu. Hakuna mtu. Hata kuku angefunga kwa bahati mbaya. Tarishi akautuliza, akautazama, akageuka, akapiga pasi safi kabisa ya kurudi katikati ya uwanja.

Baada ya mechi nilimkuta chumba cha kufulia, nikamrushia jezi mbichi usoni.

"Shemeji, hivi una akili timamu wewe? Goli tupu! Bibi yangu angefunga lile, na bibi yangu tulishamzika!"

"Usipige kelele, Crispín."

"Nisipige kelele? Basi nikapigie wapi, kanisani?"

Akafunga mlango kwa komeo, akakaa juu ya kapu la nguo chafu, akanieleza yote, akiwa ameinamisha kichwa na jezi bado iko begani.

"Nikifunga, mama atapiga magoti. Si unamjua? Ataenda hata kama anatambaa."

"Basi kamuulize padre. Labda kuna njia."

"Nimuulize padre, halafu padre amwambie mama, halafu mama ajue kwamba namwona kikongwe asiyejiweza? Utanizika wewe?"

Nikafikiri. Alikuwa na haki, Bi Librada angemzika. Huku kwetu Los Altos mtu hamuulizi mama yake magoti yanaendeleaje. Anamletea kiti, halafu anajifanya kiti kimekuja chenyewe. Kwa hiyo Fidencio akaniapisha kwa Bikira huyohuyo kwamba sitamwambia mtu, hata Obdulia, nami kwa ujinga wangu nikaapa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa wawili tumejifunika blanketi moja.

Ndipo nikaanza kuona ustadi wake. Kukosa goli mara moja ni rahisi, mimi mwenyewe naweza. Kukosa miaka nenda rudi bila kugundulika ni kazi ya fundi. Mashuti yake yalipita juu ya mtambaa wa panya kwa kiasi kilekile kila mara, yakatua nyuma ya goli la kaskazini, uani kwa mjane mmoja aitwaye Bi Prisca. Mjane huyo alikuwa na mipira kumi na mmoja kwenye banda lake la kuku, na alikataa kuirudisha kwa sababu kuku walikuwa wameshaanza kuiatamia. Akiambiwa apige penalti, Fidencio alishikwa na mkazo wa msuli. Kuna siku ilipigwa kona, mpira ukamgonga begani bila yeye kutaka, ukawa unaelekea wavuni. Nilifumba macho. Nilipofumbua, shemeji yangu alikuwa ameruka kumpita kipa wa wapinzani na kuuondoa kwa kichwa kwenye mstari wa goli. Kipa alimkumbatia. Gazeti la mji likamchagua kuwa beki bora wa mechi, wa timu ile nyingine.

Tulicheka sana. Lakini mambo hayakuwa ya kuchekesha yote. Alipokuwa na miaka ishirini na sita alikuja mtu wa klabu moja ya daraja la kwanza, mwanaume wa miwani na daftari, akamtazama mechi mbili. Alipenda kila kitu: mbio, moyo, pasi, hata pua. Mwisho akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, "Huyu anafunga?" Nikasema anazuia vizuri. Akafunga daftari, akapanda gari. Fidencio aliliona gari likiondoka, akaniuliza kama soksi zake zimekauka. Nilikasirika siku ile, nikakasirika na mama mkwe, na ngazi, na antena, na mimi mwenyewe.

Basi miaka ikaenda. Makocha wakaja na kutimuliwa, kumi na wanne kwa hesabu yangu. Fidencio akafikisha thelathini na mitano, akatangaza kwamba mwisho wa msimu anatundika daluga. Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, mwezi wa tano, joto la kukaangia yai, na tulihitaji kushinda ili tuingie mchujo. Sare tungekwenda likizo.

Asubuhi ile alikuja mapema wakati nikipanga jezi. Akaishika namba tano yake kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Crispín, nataka moja tu."

"Moja nini?"

"Goli. Juzi nimeota nafunga, nikaamka nimempiga teke mke wangu Maribel. Kanihamishia kwenye kochi." Akacheka, halafu akaikunja jezi na kuikunjua tena. "Mechi mia tatu na tisini, shemeji. Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa Sifuri. Nataka moja tu, halafu nife. Lakini nikimkumbuka mama pale mlangoni kwa Bikira, anaburuza yale magoti..."

Nilitaka kumwambia funga, potelea mbali. Sikuweza. Namwogopa Bi Librada kuliko ninavyoogopa kushuka daraja.

Tulikwenda hivyohivyo mpaka dakika ya themanini na saba, tukiwa sare ya moja kwa moja. Ndipo mpigaji wetu wa penalti, Gallardo, alipokwatuliwa ndani ya boksi. Refa akaonyesha kidole penye doa. Gallardo akatolewa kwa machela akiimba, maana alikuwa amegonga kichwa pia. Kocha wetu Belmonte akageuka huku na huku, akapaza sauti:

"Tarishi! Piga wewe! Ni siku yako!"

Watu wa upande wa kaskazini wakaanza, kwanza kumi, mara mia, mara wote:

"Kwa Bi Prisca! Kwa Bi Prisca! Kwa Bi Prisca!"

Na Bi Prisca mwenyewe, nilimwona juu ya ukuta wake, ameshatandaza aproni tayari kuupokea.

Fidencio akaweka mpira chini. Akatazama jukwaani. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, ameshika rozari, macho yamefumba, midomo inakwenda mbio. Ndipo shemeji yangu akafanya jambo ambalo sijaliona tena: akauacha mpira pale penye doa, akatembea mpaka kwenye uzio. Nami nikakimbia na chupa ya maji, si kwa ajili ya kiu yake. Nilitaka kusikia.

"Mama, siwezi."

Bi Librada akafumbua macho. "Huwezi nini? Rudi kwenye mpira, watu wanakungoja!"

"Nikifunga utakwenda San Juan kwa magoti."

"Nani?"

"Wewe, mama. Nadhiri yako. Na magoti yako yale."

Mama mkwe akamtazama mdomo wazi, kama mtu aliyesahau maziwa jikoni.

"Fidencio. Usiniambie kwamba miaka yote hii..."

"Kumi na minne, mama. Tangu ile ngazi."

"Punda wewe! Punda mtoto wa punda, Mungu amrehemu baba yako! Ile nadhiri nilishaihamisha zamani! Wiki ileile niliyoanguka nilimfuata padre kule San Juan, nikamlilia, akasema sawa, basi aende yeye atakayefunga. Magoti ni yako!"

"Yangu?"

"Yako! Nikanyamaza usije ukaogopa kufunga!"

"Sasa mbona hukuniambia baadaye?"

"Baadaye nikamwona yule winga, Rosendo. Alikwenda kutimiza nadhiri yake kwa magoti, magoti yakamvimba kama matikiti, akacheza miezi sita anatembea kibata, wakamtimua. Nikasema hapana, mwanangu anakula kwa magoti yake. Nikawa nawasha mishumaa usifunge mpaka utakapostaafu!"

Fidencio alishika uzio kwa mikono miwili. "Mama, ulikuwa unaomba nisifunge?"

"Kila Jumapili! Hata sasa hivi nilikuwa kwenye Salamu Maria ya saba!"

Chupa ilinidondoka. Miaka kumi na minne shemeji yangu anakosa magoli kwa ajili ya magoti ya mama, na mama anaunguza nta ya nyuki wa jimbo zima la Jalisco kwa ajili ya magoti ya mwana, wanakula meza moja kila Jumapili, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa kuomba chumvi. Nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Refa akafika akihema, akatoa kadi ya njano. "Nyinyi familia, mnapiga penalti au mnagawana urithi?"

"Wewe subiri," Bi Librada akamwambia. "Naongea na mwanangu."

Na refa akasubiri, naapa, mikono nyuma. Mama mkwe akapitisha mkono kwenye tundu la uzio, akamshika Fidencio sikio.

"Kesho huchezi tena. Hayo magoti unayatunzia nani, makumbusho? Nenda kapige. Na ukiupeleka kwa Prisca usije kwangu kula!"

Fidencio akarudi. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, wa kaskazini hawakuimba tena. Nami nikakumbuka jambo la kutisha: mguu ule ulikuwa umefundishwa kukosa. Miaka kumi na minne ya mazoezi haifutiki kwa kuvutwa sikio. Akakimbia, akapiga. Mpira ukaenda kushoto, chini, mbali mno, ukagonga mwamba wa pembeni. Nikasikia sauti ya chuma hadi kwenye meno. Ukarudi ndani, ukamkuta kipa amelala chini anajaribu kuinuka, ukamgonga makalioni, ukabadili nia, ukavingirika polepole mpaka ukavuka mstari na kusimama.

Sijui nini kilifuata kwa dakika kadhaa, maana nilikuwa nimembeba Kocha Belmonte, na yeye ni mtu mzito. Nakumbuka tu kwamba Fidencio hakujua mtu akifunga hufanya nini. Alisimama peke yake, akatazama mikono yake, halafu akamwendea kipa, akampa mkono na kumshukuru.

Mbili kwa moja. Tukaingia mchujo, tukatolewa raundi ya kwanza, sina haja ya kulizungumza hilo.

Jumanne ligi ikatoa taarifa. Refa, ambaye nadhani hakusahau kuambiwa asubiri, alikuwa ameandika kwamba goli la pili la Ladrilleros lilikuwa la kujifunga la kipa. Kwenye vitabu, Fidencio Orozco Lomelí, mechi mia tatu na tisini na moja, magoli sifuri.

Mji uligawanyika. Pale kwenye kibanda cha birria watu waliacha nyama ya mbuzi ipoe wakibishana.

"Goli si lake, basi nadhiri haipo," alisema muuza birria. "Kaokoka huyo."

"Aende kipa," akasema mwingine. "Aende kwa makalio."

Fidencio hakucheka. Aliweka kijiko chini, akatoka. Nilimfuata mpaka kwa mama yake, tukamkuta anakaanga pilipili. Akamsomea gazeti. Bi Librada akasikiliza mpaka mwisho, akapunguza moto.

"Bikira hasomi ripoti ya refa," akasema. "Aliona mpira ulikotoka. Jumamosi tunakwenda."

Obdulia, mke wangu, alikuwa pale. Ndipo alipojua kwamba mimi nimeijua siri ile kwa miaka kumi na mmoja nikamficha. Kwa wiki tatu nilikula totila baridi, na sijalalamika.

Jumamosi tulifika San Juan asubuhi, jua bado la kistaarabu. Fidencio akafunga vikinga ugoko juu ya magoti, nikavikaza mimi mwenyewe kwa plasta, akashuka chini langoni. Desturi ni kwamba jamaa wa mwenye nadhiri wanamtandazia mablanketi mbele, anapita, wanayachukua ya nyuma wanayaweka mbele tena. Mimi na Obdulia tulikuwa tumejiandaa. Bi Librada akatunyang'anya.

"Tokeni hapa. Hamjui kutandaza."

Akatandaza yeye, kwa kuinama kiunoni, akiguna kila safari, blanketi baada ya blanketi. Watu waliokuwa wanatoka misa wakamtambua mwanawe.

"Tarishi! Toa pasi kwa padre!"

"Angalia mwamba huo, Tarishi! Ingia katikati!"

Yeye akasonga tu, jasho linamtiririka kwenye ile pua yake. Nusu ya njia plasta ikaachia, akaendelea kwa ngozi. Akafika mbele ya altare. Bi Librada akakunja blanketi la mwisho, akalitandaza pembeni yake, akashika bega lake, akaanza kushuka, goti moja kwanza, kisha la pili. Nilisikia yakilia.

"Mama, si ulisema nadhiri ni yangu?"

"Nadhiri ni yako. Hii ni shukrani. Nyamaza."

Wakakaa hivyo bega kwa bega. Mimi nilikuwa nyuma yao, nalia waziwazi, sifichi, mtu mzima na mfuko wa plasta mkononi. Ndipo nikamsikia Fidencio akimnong'oneza:

"Tumepoteza miaka kumi na minne, mama."

"Umepoteza wewe," akasema Bi Librada, bila kuondoa macho kwa Bikira. "Mimi nilikuwa nakutazama ukicheza."

Ilituchukua watu wanne kumwinua, na Fidencio hakuwa mmoja wao, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hawezi kusimama.